Baina ya Alfajiri na Jua: Siku Saba Kaaga

Anayetoka Pwani kwenda Meru kwa njia ya Embu huhesabu mito kabla ya kuhesabu miji. Huvuka Rupingazi penye mji wa Embu, akavuka Thuci baada ya Runyenjes, akaipita Chuka na kuteremka bonde la Nithi, na mwisho hufika Kathita, mto unaopita Meru yenyewe. Yote hiyo ni mito ya Mlima Kenya, na yote huingia Tana. Na Tana, kama wajuavyo jamaa zetu wa Kipini, humalizikia kwetu, baharini. Maji ayaonayo msafiri kule juu yakiruka mawe kwa kelele, baridi hata kuuma vidole, ndiyo hayo hayo yafikayo Kipini mapana, mazito, ya rangi ya udongo, yakienda pasi na haraka.

Daraja la Nithi hatukulipita bila ya kusoma Fatiha. Tarehe 24 Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru kuja Mombasa lilitumbukia hapo, na watu zaidi ya 30 wakafariki. Wengi wenu mnaosoma haya mnakumbuka simu zilivyolia usiku ule katika mitaa yetu. Dereva wa matatu yetu, kijana mdogo, alipunguza mwendo bila ya kuambiwa na mtu. Redio ikazimwa. Tangu kutoka Nairobi hicho kilikuwa kimya cha kwanza, na kilidumu mpaka gari likapanda upande wa pili wa bonde.

Kaaga iko kilomita chache tu kutoka mjini Meru, kwa barabara iendayo Maua. Ni mahali pa shule na vyuo: kuna Shule ya Wasichana ya Kaaga, na hapo karibu ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya, kilichopewa hati yake mwaka 2006. Ikweta umekwisha kuivuka baina ya Nkubu na Meru, bila ya kuhisi chochote. Ardhi iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, migomba na miparachichi imezunguka nyumba, na mtu wa Mombasa aliyeondoka kwao katika joto la kaskazi hujikuta akiomba blanketi la pili.

Msomaji asidhani kwamba ni nchi ngeni kwetu. Masimulizi ya Wameru husema wazee wao walitoka Mbwaa, mahali penye maji makubwa, wakikimbia utumwa wa watu waliowaita Nguo Ntune, yaani wenye nguo nyekundu. Wachunguzi kadhaa, mmoja wao Jeffrey Fadiman, wameihusisha Mbwaa hiyo na kisiwa cha Manda, mkabala na Lamu. Si habari ya kujivunia kwa upande wetu wa hadithi, lakini ni habari ya ujirani, na neno "nguo" limesalia hapo kama shahidi. Hata misheni iliyoifanya Kaaga kuwa mji wa shule ilianzia Pwani: Wamethodisti walianza Ribe, nyuma ya Mombasa, mwaka 1862, na ilikuwa mwaka 1912 ndipo walipofungua kazi yao Meru. Watu na maneno vimekuwa vikipanda na kushuka njia hii kwa muda mrefu kuliko lami.

Sisi tulipanda kwa sababu ya dada yetu mkubwa. Aliolewa na Mmeru wa Imenti, mwalimu aliyekuja kufundisha Mombasa akasilimu, akaishi nasi miaka, kisha akastaafu na kurudi kwao na mkewe. Mwezi wa Agosti mwaka jana Mwenyezi Mungu alimchukua shemeji yetu. Dada akakaa eda katika nyumba ya mumewe, kama sheria yetu itakavyo, miezi minne na siku kumi. Eda ilipokwisha, familia ilikutana nyumbani kwa mama na kukata shauri: mtu wa miaka sitini na kitu hawezi kuachwa peke yake bara, mwanawe mmoja Nairobi na mwengine Muscat. Tukatumwa watatu, ndugu zake wawili na mke wa kaka yetu, kumsaidia kufunga mizigo. Tulibeba mifuko mitupu kwa ajili hiyo.

Alitupokea kwa chai ya maziwa na viazi vitamu, akatusikiliza, akasema, "Kaeni juma moja kwanza. Mambo haya hayasemwi na mtu aliyetoka garini sasa hivi." Kisha akatoa kiondo kilichokuwa kimetundikwa nyuma ya mlango, akatuomba tutie simu zetu humo kabla ya kulala. Zingerudishwa jua likishatoka. Tulidhani ni mzaha.

Katika nyumba ile adhana haisikiki ila upepo ukiwa mwema, kwani msikiti uko chini mjini. Yeyote aliyekulia Mji wa Kale wa Mombasa, ambako sauti ya mwadhini mmoja haijakatika ila mwengine ameipokea, atajua upungufu huo ni mkubwa kiasi gani. Dada amejifunza kuujua wakati mwenyewe. Yu karibu na Ikweta, hivyo jua halimchezei sana: mwaka mzima linazama baina ya saa kumi na mbili na robo hivi na saa moja kasorobo, na kuchomoza kwake kunatofautiana kwa nusu saa tu. Huamka pasipo saa ya kengele. Huswali alfajiri, kisha haondoki juu ya msala. Mwezi wa Januari, tulipokwenda, baina ya alfajiri na kuchomoza kwa jua kulikuwa na muda wa saa moja na robo. Katika muda huo huleta uradi wake, kidogo tu, aliofundishwa na nyanya yetu, halafu hunyamaza. Tasbihi iko mkononi lakini haiendi. Hukaa hivyo, macho yamefunguka, kanga imefunika mabega, mpaka kuku wa jirani wamemaliza.

Asubuhi ya kwanza tulikaa naye kwa adabu ya ugeni. Mmoja wetu alisinzia. Mwengine, alivyotueleza baadaye, alipiga hesabu ya karo za watoto kutoka mwanzo hadi mwisho mara tatu. Mke wa kaka alikuwa akisikiliza kama kuna mtoto anayelia, ilhali wanawe wanne alikuwa amewaacha kwa bibi yao kilomita mia saba kutoka hapo. Dada hakutuuliza tuliona nini. Aliinuka, akaswali rakaa mbili jua lilipopanda, akaenda kukamua ng'ombe.

Jambo moja la mahali hapa lilitushughulisha sana. Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja kwa mtu wa Mombasa, na kwa mtu wa Kaaga ni kaskazini pia, ikielekea mashariki kidogo. Basi dada akiwa msalani huelekea upande ule ule tunaouelekea sisi kwetu; mbele yake kulia iko milima ya Nyambene, na Mlima Kenya, wenyewe wa mita 5,199, uko nyuma ya bega lake la kushoto. Watu husafiri kutoka pembe zote za dunia kuja kuutazama mlima ule, naye huupa kisogo kila alfajiri. Jua hutoka upande wa Tharaka, nchi ya chini iliyo kavu, na kabla halijafika kwenye ua wake huwa limekwisha kuzigusa ncha za mlima. Asubuhi ya tatu aligeuka, akatuashiria kwa kidevu. Mlima ulikuwa wazi wote, ncha zake za rangi ya waridi iliyofifia, na theluji kidogo iliyosalia iking'aa. Kabla ya saa nne ulikuwa umeshajifunika mawingu, na siku ile haukuonekana tena.

Tulimwuliza alianza lini. Akasema ni eda iliyomfunza, na hakuipamba habari hiyo. Wiki za kwanza kimya kilikuwa kama mnyama ndani ya nyumba. Alikuwa akiwasha redio asubuhi na kuiacha mpaka usiku, bila ya kusikiliza neno, ili tu asisikie kwamba upande wa pili wa kitanda hakuna anayekohoa. Siku moja umeme ukakatika, na betri hazikuwamo. Akakaa. Akalia, akasema, kilio ambacho matanga hayakumpa nafasi ya kukilia, kwa kuwa matangani alikuwa na wageni wa kulishwa. Kesho yake hakuwasha redio tena mpaka jua lilipotoka. Mwezi wa tatu aligundua kwamba ile saa ndiyo anayoingojea usiku. "Si kwamba huzuni iliondoka," alisema. "Ilipata mahali pake pa kukaa, ikaacha kunifuata jikoni."

Sisi tuliokuja kumchukua tulimtazama vizuri siku hizo. Dada huyu, ambaye katika simu tulikuwa tukimsikiliza kwa hofu, alikuwa akicheka. Alicheka kwa habari za ng'ombe, alicheka na binti wa jirani anayemsaidia kazi, alimcheka kaka yake kwa kuvaa soksi mbili mbili. Ilikuwa ni furaha ya mtu aliyekwisha kulia lililokuwa la kulia, na mtu yeyote aliyewahi kumwuguza mfiwa anajua kutofautisha furaha hiyo na ile ya kujilazimisha mbele za watu.

Dini yetu haikuanza jambo hili Kaaga. Bwana Mtume (s.a.w.) alikuwa akijitenga katika pango la Hira kabla ya kushukiwa na wahyi. Aya ya 28 ya Suratu Ar-Ra'd, ambayo mtoto wa chuo huijua kwa moyo, imefungamanisha utulivu wa nyoyo na kumtaja Mwenyezi Mungu. Imam Ghazali, katika mwaka 488 Hijria, sawa na 1095, aliuacha ualimu mkuu wa Nidhamiya ya Baghdad, akaenda Damascus, na huko alikuwa akijifungia katika mnara wa msikiti mkuu. Mifano hii hutajwa sana katika mawaidha, na kwa maoni yetu wakati mwengine hutuumiza zaidi ya kutufaa. Mwenye duka Kongowea hana mnara wa kujifungia. Mama wa watoto wanne hana pango. Akisikia habari za Ghazali huona kwamba utulivu ni wa mawalii, akarudi kwenye simu yake. Ilhali tumefunzwa pia kwamba amali ipendwayo zaidi ni ile idumuyo, japokuwa ni ndogo. Na dada yetu hakuacha kazi hata moja kwa ajili ya saa yake. Ng'ombe wanakamuliwa, kahawa inachumwa.

Kahawa hiyo nayo ina kisa. Meru ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza katika Kenya ambako Mwafrika aliruhusiwa kupanda kahawa, katika miaka ya 1930, na dada ameachiwa mibuni ya kutosha kulipa mshahara wa msaidizi. Majirani zake huilima na kuiuza, kisha hunywa chai. Yeye peke yake katika mtaa huo hutwanga na kupika kahawa chungu, kwa tangawizi, kama ipikwavyo kwetu. Tulimkumbusha kwamba kinywaji hiki kilienezwa na masufi wa Yemen waliokitumia kukesha katika dhikri, naye akasema basi yeye amekosea kipimo, kwani humsaidia kulala.

Hatutaki kuwadanganya kwamba Kaaga ni kimya. Bodaboda zinaanza kabla ya jua. Kengele za shule zina ratiba yake, Jumapili vipaza sauti vya makanisa vinashindana, na mbwa wa Meru hubweka mpaka alfajiri. Tena barabara ya Maua ndiyo barabara ya miraa. Magari yanayoitelemsha kutoka Igembe hupita kwa kasi inayotia hofu, kwa kuwa jani hilo, hata likifungwa kwa majani ya mgomba lisinyauke, hupoteza nguvu zake katika siku mbili hivi. Nyingine huja kwetu. Mnakumbuka vurugu ya Mei 2024, kaunti za Mombasa na Kilifi zilipotangaza kuupiga marufuku muguka wa Embu, na mahakama ya huko Embu ikasimamisha amri hizo. Mjadala ule ulihusu afya na biashara. Karo nyingi katika shule hizi zimelipwa kwa miraa, na hatupendi kumtukana mkulima. Ila tukiwa Kaaga tuliona jambo ambalo halikutajwa wakati ule. Vijana wetu wanaojipanga barazani kuanzia alasiri hadi usiku wa manane, na furushi katikati, wanakaa. Mwili umetulia kabisa. Handasi inawapa kila kilicho sura ya utulivu, kimya, macho ya mbali, hisia kwamba wakati umesimama, na nyuma ya macho hayo fikra zinakimbia kama gari la Maua. Wanatafuta kitu cha kweli. Nani kati yetu watu wazima amewahi kuwaonyesha kinapatikana vipi bila ya jani?

Na wanawake? Mke wa kaka ndiye aliyelizusha suala hili, siku ya nne, tukimenya ndizi. Alisema kwa upole kwamba mazungumzo yote ya utulivu aliyoyasikia maishani yametoka kwa watu ambao chai yao hupikwa na mtu mwengine. Mwanamume akirudi msikitini alfajiri anaweza kukaa na uradi wake mpaka jua litoke, kwa sababu ndani kuna anayekanda mahamri, anayetafuta soksi ya shule iliyopotea, anayempa mzee dawa. Kwamba dada alikipata kimya chake baada ya kufiwa na mume na watoto kuondoka, je, hiyo ndiyo bei yake? Dada aliliweka kisu chini. Akajibu kwamba la, si lazima iwe hivyo, lakini kwamba yeye katika ndoa ya miaka thelathini na minne hakuiomba saa hiyo hata mara moja, na marehemu, ambaye hakuwa mtu wa kunyima, hakujua kwamba ipo ya kuombwa. Kaka alikuwa anasikia. Hakusema kitu.

Lakini asubuhi ya tano aliyewasha moto alikuwa ni yeye. Moshi ulijaa nyumba nzima, chai iliungua kidogo, na mkewe akakaa msalani na wifi yake mpaka jua likatoka. Baadaye alituambia kwamba ilikuwa mara ya kwanza tangu kuolewa kwake kunywa chai ingali ya moto. Tulidhani anatania tena. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Jirani wa dada ni muuguzi mstaafu, Mmethodisti, mjane kama yeye. Jioni, kazi zikiisha, huja akasema "muga" penye ua, wakakaa wawili juu ya benchi ambalo marehemu alilitengeneza, kila mmoja na lake moyoni. Hawazungumzi sana. Tulimwuliza yule mama wanafanya nini, akatujibu kwa Kiswahili safi cha shule kwamba wanangoja ng'ombe apoe. Hatukuelewa mpaka leo, nao hawakutufafanulia, bali walicheka sana.

Siku ya saba tulirudi kwenye suala lililotuleta. Mama yu Mombasa anangoja. Ana umri wa miaka themanini na sita, na hoja yake ilikuwa nzito kuliko zetu zote: anataka kufa akiwa na binti yake mkubwa karibu. Dada alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema kwamba Kaaga ni bora, wala kwamba nyumba ile haiwezi kuachwa. Alisema anaogopa. Nyumba ya mama iko juu ya maduka, taa haizimwi, televisheni haizimwi, wajukuu wanaingia na kutoka hadi saa sita za usiku, na simu ya kila mmoja inalia kwa sauti yake. Na yeye ndiye binti mkubwa, kila jambo litaletwa mlangoni kwake. Alichokijenga kwa miezi mitano kilikuwa kigumu kukijenga, na hajui kama kitastahimili safari. "Nikikipoteza," alisema, "mtakuwa mmemchukua mtu mwengine, si mimi."

Tulikaa na maneno hayo usiku kucha. Asubuhi tulipatana hivi. Atateremka mwishoni mwa Shaabani, afunge Ramadhani yote pamoja na mama. Chumba cha nyuma, kile cha dirisha la upande wa bahari ambacho sasa kimejaa magunia na mafriji mabovu, kitatolewa vitu na kupakwa chokaa kabla hajafika. Baina ya alfajiri na jua hatamgonga mtu mlango, wala wa kwake wala wa mke wa kaka, ambaye ameomba nafasi ndani ya chumba hicho hicho. Chai ya nyumba itapikwa na wanaume kwa zamu, nasi tumeshaandika zamu hizo. Baada ya Idi ataamua mwenyewe. Mama alipopigiwa simu aliuliza kama mahamri pia yatakandwa na wanaume. Tukamwambia ndiyo. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba naye atakuja kukaa humo chumbani, wamwekee kiti.

Mifuko yetu haikurudi mitupu. Dada aliijaza ndizi, maparachichi na kilo mbili za kahawa yake, na juu kabisa akaweka kiondo kipya, mdomo mpana, kinachoweza kuchukua simu za nyumba nzima.